Pamba hasikii, na mume wangu anataka aondoke

Babu Daktari, shikamoo.

Naandika kutoka Arusha, upande wa Ngaramtoni. Mwezi uliopita tulimnunulia mtoto wetu wa kwanza mbwa, zawadi ya kufaulu darasa la nne. Ni Dalmatian, mweupe pee, madoa ya kuhesabu, na jicho la kushoto ni la bluu. Watoto wakamwita Pamba kwa ule weupe wake. Sasa ana wiki kumi na moja.

Siku za mwanzo tulidhani ni mkaidi. Unamwita yuko hatua tatu tu, hata sikio haligeuki. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema huyu jina limemkaa, katia pamba masikioni kweli. Nilimchapa ndala mara mbili kwa kutafuna viatu, na leo naona haya hata kuandika. Kisha Jumapili moja mfuniko wa sufuria kubwa ukaniponyoka ukaanguka sakafuni, yeye kalala nyuma yangu. Paka karuka dirishani. Pamba hakufungua hata jicho. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akampima kwa makofi na funguo, akasema hasikii masikio yote mawili na dawa hakuna.

Jumamosi iliyopita mdogo wetu wa miaka minne alimkumbatia akiwa usingizini. Pamba akakurupuka, akamng'ata mkononi, damu ikatoka kidogo. Nilimsafisha kwa spiriti na kidonda kimeanza kukauka. Lakini tangu siku hiyo mume wangu kasema mbwa arudi alikotoka, au achomwe sindano yaishe. Jirani naye akatia chumvi: mbwa asiyesikia atalinda nini? Dada wa kazi anamwogopa, akipita karibu anakusanya kanga yake.

Kuna na hili: nikiingia tu jikoni asinione, analia kama anachinjwa. Na nje kwetu ni barabara ya vumbi, bodaboda zinapita kutwa, geti watoto wanaliacha wazi.

Mimi sitaki aondoke. Ila sijui namfundishaje kiumbe ambaye hata jina lake hajawahi kulisikia. Kweli anafundishika? Naanzia wapi?

Mama watoto, Ngaramtoni

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Kwanza mtoto, mbwa baadaye. Huyo mdogo mpeleke hospitali leo, hata kama kidonda kimekauka. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mbwa akitimiza miezi mitatu, kwa hiyo Pamba bado hana kinga, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Uwezekano ni mdogo, nakubali. Pamba alishtuliwa, hakuonyesha ugonjwa. Lakini kuamua kama sindano zinahitajika ni kazi ya madaktari wa watu, si yangu wala yako. Siku nyingine jino la mbwa likitoboa ngozi, osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, spiriti inafuata. Pamba mwenyewe mwangalieni kwa siku kumi: akigoma kula, akitokwa udenda, akibadilika tabia, daktari wake ajue siku hiyo hiyo. Akitimiza miezi mitatu achanjwe, na arudiwe kila mwaka. Mwaka ukifika ulizieni wilayani kwenu pia, maana sehemu nyingi huchanja bure kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Sasa tuje kwa Pamba.

Ndala zako hazikumfanya kiziwi, na wala hakuna aliyemloga. Seli zinazotia rangi kwenye ngozi na manyoya, hizo hizo zina kazi ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kijumba kilichojiviringa kama konokono. Mbwa mwenye weupe mwingi wa namna hii anaweza kuzikosa humo ndani, na zikikosekana, vile vinyweleo vya kunasa sauti vinakufa katika wiki chache za kwanza, wakati masikio yenyewe ndiyo kwanza yanafunguka. Jicho la bluu linatokana na upungufu huo huo. Dalmatian ndio wanaosifika kwa jambo hili: huko Marekani walipopimwa kwa mashine, takriban 8 katika kila 100 hawakusikia kabisa, na wengine kama 22 walisikia sikio moja tu. Hao wa sikio moja ndio wanaotuponza. Ukimwita anakuja, kwa hiyo hakuna anayemshuku, anapandishwa, na watoto wake wanazaliwa kama Pamba. Kwa hiyo huyu wenu asizalishe, akifika umri mhasini. Yule bwana aliyewauzia naye mwambieni, kwa heshima, asiwakutanishe tena wale wazazi wawili. Mkimrudishia mbwa atampatia mnunuzi mwingine wiki ijayo, na huyo hataambiwa kitu.

Umeuliza kama anafundishika. Nilipokuwa kazini Moshi nilikuwa na rafiki fundi seremala, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa na mbwa wa kienyeji, mwekundu, masikio yake mazima kabisa. Mbwa yule hakuwahi kuitwa kwa sauti maishani mwake, na sijapata kuona mbwa mtiifu kumshinda. Fundi anasukuma randa, mbwa kalala kwenye maranda chini ya meza, jicho moja wazi. Fundi akiinua kidole, mbwa anakaa. Akigeuza kiganja, mbwa anatoka nje. Na mimi hapo nina mbwa wangu, nafoka mpaka koo linakauka, yeye ananusa tairi la gari langu. Nikachukua penseli, nikamwandikia fundi kwenye kipande cha mbao: unafanyaje? Akaandika chini ya maneno yangu, "Wewe unapiga kelele kwanza ndipo umtafute. Mimi yeye ndiye ananitafuta."

Basi utaanzia hapo. Wiki hii usimfundishe Pamba kukaa wala kulala. Mfundishe kukutazama tu.

Nunua dagaa wa Kigoma au wa Mwanza, si wale wa baharini waliochemshwa kwa chumvi. Wapepete mchanga, watoe vichwa, kila mmoja mvunje vipande viwili vitatu, utie mfukoni. Keti barazani kwenye kigoda, Pamba umemfunga kamba ndefu, halafu usifanye lolote. Usimguse, usimpungie mkono. Atanusa sakafu, atatafuna mguu wa kigoda, atamfukuza sisimizi. Itafika sekunde atainua macho kuona kulikoni, mbona mama katulia hivi na ananuka samaki. Sekunde hiyo hiyo mwonyeshe dole gumba, kisha mpe dagaa. Dole linatangulia, dagaa anafuata, kila mara kwa mpango huo, kwa sababu dole ndilo litakuwa neno lake la "ndiyo, hivyo hivyo." Ukitanguliza dagaa atatazama mfuko, hatakutazama wewe.

Dakika tatu zinatosha, mara nne kwa siku. Nje ya somo pia, kila atakapokutazama bila kuombwa, unafua, unachambua mchele, mlipe. Chakula chake cha jioni kipunguze kwa kiasi hicho asinenepe. Siku ya kwanza utakuwa umevunjika moyo. Baada ya siku nne tano atakukodolea macho mpaka uone soni. Hapo umepata mbwa, mengine ni kuongeza maneno.

Mguso nao ufundishe sambamba, na huu ndio utakaomwokoa huyo mdogo wako. Vidole viwili begani, taratibu, na papo hapo dagaa mdomoni. Anza akiwa anakuona. Ukisharudia mara nyingi utaona ukimgusa tu anageuka akilamba midomo, na hapo anza kumgusa akitazama pembeni, halafu akikupa mgongo, halafu akisinzia. Ni bega daima, si mkia wala nyonga, ili mwili ujue kwamba mguso wa hapo una habari njema nyuma yake. Akiwa usingizini mzito usimguse kwanza. Weka mkono wenye dagaa karibu na pua, subiri. Utaona pua inacheza kabla ya jicho kufunguka, ni kitu cha kuchekesha sana kukiona. Akishaamka nusu, ndipo vidole begani, ndipo dagaa. Mbwa aliyeamshwa hivyo mara mia mbili akija kukanyagwa kwa bahati mbaya gizani, kitu cha kwanza kumjia ni chakula, si meno.

Hilo ni la watu wazima na huyo mkubwa wa darasa la nne. Wa miaka minne hamgusi mbwa aliyelala, nukta. Usitegemee kumkanya, mtoto wa umri huo anasahau. Pamba tafutieni pembe yake ya kulala, mgongo ukutani, pasipo njia ya watu, na kizuizi mbele, hata kama ni meza iliyolazwa ubavu. Na mdogo akiwa macho na mbwa yuko sebuleni, mtu mzima awepo chumba hicho hicho.

Kuhusu ndala sitakusema sana, umeshajisema mwenyewe. Nataka tu uone mantiki yake. Mbwa anayesikia ukimgombeza kwa mdomo, mkono wako unabaki salama. Pamba hana mdomo wako. Mkono ndio sauti yako yote, ndio utamwita, ndio utamsifu, ndio utamtuliza usiku wa radi asizozisikia lakini anaziona. Ukimpiga kwa mkono huo, kesho ukiunyoosha kumwita hajui anaitwa au anapigwa, na atakimbilia wapi? Getini. Basi mkono usilete baya hata siku moja. Mwambie na dada wa kazi, halafu mpe yeye dagaa za jioni. Woga wake utaisha haraka kuliko unavyodhani akishaona mbwa anamkalia mbele kwa adabu akingoja.

Wiki ya pili ndipo ishara. Chagueni za mkono mmoja, kwa sababu mwingine mara nyingi una ndoo au kamba, na kila moja iwe tofauti kabisa na nyenzake hata kwa mbali. Kukaa ni rahisi: dagaa kwenye pua, inua mkono polepole kuelekea kichwani, kichwa kinapanda, matako yanashuka. Baada ya siku mbili mkono uende bila dagaa, dagaa atoke mfukoni. Kulala: kiganja kinashuka kuelekea sakafuni. Hapo ndipo nimeona nyumba nyingi zinajikoroga, maana sisi huku tunaitana kwa kiganja kimeelekea chini, vidole vikipepea. Ukiwa mwisho wa uwanja unamwita hivyo, kwa mbwa hiyo ni "lala chini", naye kwa utii wake analala, nawe unakasirika. Kwa hiyo "njoo" ya Pamba iwe kubwa: mkono umenyooka pembeni kabisa, kisha unaukunja mpaka kifuani. "Basi, kwisha" peke yake ndiyo ya mikono miwili: viganja viwili vitupu mbele yake. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, bila hiyo atakaa anakuvizia mfuko mpaka usiku.

Uso nao unasema. Watu wakishajua mbwa hasikii wanaacha kuongea, na wakiacha kuongea nyuso zinakufa. Wewe zungumza naye kama kawaida. Ukisema "safi sana!" macho yanacheka, mabega yanalegea, na hayo anayasoma.

Mwanao mkubwa achore ishara zote kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni mwa jikoni, na kila anayeishi humo azifuate hizo hizo, baba akiwemo. Kama kuna mtu kwenye ukoo au jirani anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, azikague. Mbwa hajali ni ishara gani mradi haibadiliki, lakini watoto wako watakuwa wamejifunza neno mbili tatu za kumsalimia mwenzao asiyesikia.

Kung'ata wakati wa mchezo ni jambo jingine, usilichanganye na lile la usingizini. Watoto wa mbwa hujifunza kiasi cha meno kwa mayowe ya ndugu zao: nikibana hivi, mwenzangu analia na mchezo unaisha. Pamba mayowe hayo hakuyasikia. Kwa hiyo mfanyie kwa vitendo. Jino likikugusa ngozi, ganda kama nguzo, mikono kwapani, mgeuzie mgongo, hesabu mpaka kumi na tano. Ukirudi, mpe gunia kuukuu avute. Kazi ya wiki tatu nne, na inachosha.

Geti. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu wengi wa mbwa viziwi ninaowakumbuka hawakufa kwa ugonjwa, walikufa kwa magurudumu. Pamba hatembei huru nje ya fensi hata akiwa mtiifu namna gani, maana akishageuza kichwa kumfuata kuku, mazungumzo yenu yamekatika. Hasikii pikipiki, hasikii honi, wala mayowe yako hayasikii. Njiani ni kamba, tena kwenye mkanda wa kifuani asije akachomoa shingo. Nyumbani wekeni kizuizi cha pili, hata cha mabanzi, kati ya baraza na geti, ili mtoto akisahau moja libaki jingine. Kamba ya kufundishia kuja kutoka mbali iwe ya mita kumi hivi, ya nailoni. Shingoni mvishe kibati chenye namba ya simu na neno SISIKII.

Usiku tumia tochi. Mmulikie ardhini mbele yake, washa zima mara mbili, akigeuka dole gumba kwenye mwanga, dagaa. Usimulike macho. Na usiruhusu mtu amchezeshe kwa zile kalamu za mwanga mwekundu. Mbwa anaanza kukimbiza vivuli ukutani na haachi tena, na kwa mbwa anayeishi kwa macho hilo ni balaa. Utasikia pia habari za kola zinazotetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Ni kitu halali kikifundishwa kama ule mguso wa begani, mtetemo kisha dagaa, ila hakikisha si za umeme wa kumchoma. Kwa mfuko wangu mimi, fedha hizo ningejengea fensi kwanza. Kukanyaga sakafu kwa kishindo, ambako wengi hushauri, kunafaa kwenye nyumba ya mbao kama karakana ya rafiki yangu. Kwenye saruji utaumiza kisigino bure.

Kile kilio cha jikoni kinaeleweka ukifumba macho ukavaa nafasi yake. Mbwa mwingine akikukosa machoni anasikia sufuria, anasikia unaimba, anajua upo. Wewe ukipita mlango, kwa Pamba umefutika duniani. Ndiyo maana anakufuata kama mkia. Kabla ya kuondoka mguse begani, mwonyeshe ishara ya "naenda, nakuja", yoyote mtakayoichagua, toka kwa sekunde tano, rudi kimyakimya bila shangwe. Kesho sekunde kumi. Pembeni mwachie kanga yako ya jana ambayo haijafuliwa. Usimtoroke akiwa amelala, akiamka akakukosa mara mbili tatu atakataa kulala.

Fanya haya mapema. Mpaka kama wiki ya 14 hivi akili ya mtoto wa mbwa bado iko wazi kupokea mambo mapya, baada ya hapo mlango unaanza kujifunga. Una kama wiki tatu. Mbebe mikononi, maana chanjo zake hazijakamilika, aone wazee wenye fimbo, wamama wenye ndoo kichwani, mwavuli ukifunguka, baiskeli.

Jirani yako ana nusu ya haki. Pamba peke yake hatamsikia mwizi anayeruka ukuta. Lakini pua na macho anavyo, anabweka kama mbwa yeyote, na mkija kuongeza mbwa wa pili anayesikia, masikio ya yule yatawatosha wote wawili: mmoja akisimama, mwingine anasimama. Tafadhali tu msimfunge mnyororo kwenye kibanda ili eti awe mlinzi. Mbwa asiyesikia, aliyefungwa, anayefikiwa kwa nyuma, huyo atamng'ata mtu kweli na hatakuwa na kosa.

Na baba watoto usimwone mbaya, aliona damu ya mwanawe. Mwombe wiki sita, na katika hizo sita umpe yeye lile somo la njoo, jioni akirudi kazini. Baada ya hapo, kama fensi imeshindikana au hamwezi kabisa kumtenga mdogo na mbwa aliyelala, mtafutieni nyumba ya watu wazima yenye ukuta, mkiwaeleza kila kitu. Sitakulaumu. Sindano ya kumuua mbwa mzima wa afya asiyesikia tu, mimi nisingeichoma.

Jina msimbadilishie. Yeye halisikii, lakini dada atalihitaji siku atakapokuja kukwambia nani kabeba kitoweo.